Nyuki Hawapendi Nyumba Yenye Ugomvi

Wajukuu wangu wakitaka kuniziba mdomo huniletea kitabu cha nyuki. Wameshanijua. Wanajua nitavaa miwani, nitakaa kwenye mkeka wangu ukumbini, na kwa muda mrefu hakuna atakayenisikia nikiuliza nani kaacha ndoo juani au nani kamaliza sukari. Basi vitabu vimejaa kwenye sanduku langu la nguo. Kimoja kinafundisha mizinga ya masanduku. Kingine kina picha za watu wa kale wa Misri, waliochora nyuki kwenye makaburi ya wafalme wao. Kipo kinachosimulia jinsi nta ilivyokuwa ikisafirishwa mbali na kugeuzwa mishumaa ya makanisani, na kingine kinaeleza kwamba mtawala wa mzinga ni jike, na madume hukaa tu wakisubiri kulishwa. Hapo nilicheka peke yangu mpaka mkwe wangu akaja kuniuliza kama naumwa.

Navipenda vyote, lakini vina kasoro moja. Vinaeleza mrina asali avae nini, ashike moshi vipi, asimame upande gani wa upepo. Havisemi mkewe aliyebaki nyumbani afanye nini. Hata waliotuambia fuata nyuki ule asali hawakumtaja. Na kwetu upande wa Ruangwa, miaka ile ya hamsini, mke alikuwa nusu ya kazi.

Desturi ilikuwa hivi. Mume akienda kurina, mke aliyebaki hagombani na mtu. Hapazi sauti, hatukani, hanuni, hampigi hata mbwa. Akigombana, nyuki kule porini wanajua, nao wanamgeukia mume akiwa juu ya mti. Niliambiwa hayo siku niliyoolewa, na aliyeniambia alinitazama kwa muda mrefu, maana sifa zangu zilikuwa zimeshatangulia.

Mimi nina ulimi, sifichi. Nilizaliwa nao Nambilanje, na mama yangu alikuwa akisema mkunga alipokata kitovu angekata na ulimi kidogo. Nikionewa nasema. Nikiona mwingine anaonewa nasema vilevile. Na kama sijaonewa wala sijaona chochote, bado naweza kusema mawili matatu kwa kujiweka tayari. Juu ya hayo baba alinisomesha mpaka darasa la nne, jambo ambalo kwa binti wa Kiislamu wa kijijini lilizungumzwa sana wakati ule. Wengi waliona shule ndiyo iliyoniharibu. Mimi namwombea baba dua mpaka leo kwa ajili ya yale madarasa manne.

Mume wangu alikuwa kinyume changu kabisa. Nilimwona mara ya kwanza sokoni Nachingwea, mwishoni mwa miaka ya arobaini, Wazungu walipokuja na mitambo yao kulima karanga. Mji mzima ulikuwa vumbi na mabati mapya. Yeye alikuwa kibarua wa kusafisha pori nyuma ya matrekta, na mimi nilikuwa nimefuatana na baba kuuza kuku. Akasimama mbele ya tenga langu, akakosa la kusema, mwisho akaniuliza kuku yule anaitwa nani. Nikamwambia kuku hana jina, ana miguu. Akacheka, akaondoka, akarudi soko lililofuata, na lililofuata tena, na kuku hakununua hata mmoja.

Siku aliyonieleza kwa nini aliacha kile kibarua ndiyo siku niliyokata shauri. Alisema matrekta mawili yalikuwa yanakokota mnyororo mzito katikati yao, na miti inalala chini mmoja baada ya mwingine. Basi ukaanguka mti wenye mzinga, wa mtu asiyemfahamu. Nyuki wakatoka. Hawakumuuma mtu. Walizunguka angani, mahali pale pale mzinga wao ulipokuwa umetundikwa, patupu, hapana tawi wala jani, wakazunguka mpaka jioni. Alivyokuwa akisimulia macho yalimlengalenga machozi, naye hakuyaficha. Nikasema moyoni, huyu ndiye. Nilimpenda, na sioni haya kulisema hilo katika uzee wangu.

Sasa, kwetu ukoo hufuata upande wa mama, na kwa desturi mume ndiye huhamia kwa mke. Lakini mizinga haihami. Yake ilikuwa imetundikwa katika pori la kuelekea mto Mbwemkuru, magogo aliyoyachonga mwenyewe na mengine aliyoachiwa na marehemu baba yake, na nyuki walishayazoea. Kwa hiyo mimi ndiye niliyehama. Wazee wa kwetu walinung'unika kidogo. Baba akawaambia afadhali niende, masikio yao yapumzike.

Nyumba niliyoingia ilikuwa na wakubwa wawili. Mama mkwe alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba ilibidi usimamishe kutwanga ndipo umsikie. Kaka yake, ambaye mume wangu alimwita mjomba na mimi nikamwita hivyo hivyo, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, na neno lake ndilo lililokuwa la mwisho. Mama mkwe alinipokea kwa mikono miwili. Mjomba alinipokea kwa jicho moja. Alisema mwanamke anayesoma anavumilika, na mwanamke anayebisha anavumilika, lakini vyote viwili katika mtu mmoja ni kuleta moto na upepo pamoja.

Kitabu kilitujia kutoka kwa mtu wa serikali aliyekuwa akipita vijijini kufundisha watu kuchemsha masega na kuchuja nta ikawa safi. Tulimwita Bwana Nta, jina lake hakuna aliyejali kulishika. Alipomaliza kufundisha akauliza nani hapa anajua kusoma. Wanaume wakatazamana. Mume wangu akaninyooshea kidole bila aibu yoyote, kana kwamba ananionyesha kwenye maonyesho ya mavuno. Bwana Nta akanipa kijitabu chembamba cha Kiswahili chenye jalada la kijivu, akasema nikitunze.

Nilikitunza kuliko alivyotarajia. Alasiri, tukiwa tunapukuchua mahindi uani, nilikuwa nikikiweka juu ya goti na kumsomea mama mkwe. Kurasa za mwanzo zilikuwa za kazi: mzinga utundikwe wapi, moshi uwe wa namna gani, masega yenye majana, watoto wa nyuki, yaachwe. Alizisikiliza kwa heshima, akitikisa kichwa, maana nyingi alizijua kwa kumwona mumewe. Lakini mwishoni mwandishi alikuwa ameandika habari za watu wa nchi nyingine na nyuki wao, na hizo ndizo alizozipenda. Alinirudisha hapo mara kwa mara. Zipo nchi za Ulaya, kitabu kilieleza, ambako mwenye mizinga akifa, mtu wa nyumbani hutoka kwenda kuwapa nyuki taarifa ya msiba.

"Wana adabu hao," mama mkwe alisema. "Hapa wapo majirani wanaosikia msiba siku ya arobaini."

Na chini ya hapo kulikuwa na maneno mengine. Kwamba wazee wa nchi hizo hizo walikuwa wakiamini nyuki hawapendi nyumba yenye ugomvi, na kwamba hawawezi kustawi kwa watu wanaogombana. Nilipoyasoma mara ya kwanza mama mkwe aliziba mdomo kwa ncha ya kanga akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Kumbe na wao," alisema. "Kumbe na wake zao wananyamazishwa." Tukacheka wote wawili. Mpaka leo nikikumbuka furaha ya maisha yangu, zile alasiri na harufu ya magunzi makavu huja mbele ya harusi yangu.

Msimu wa kurina ulikuja na baridi ya mwezi wa sita. Wenye kuijua baridi yetu ya asubuhi hawatashangaa kwamba mume wangu alivaa koti. Lilikuwa koti zito la sufu, la buluu inayokaribia nyeusi, ambalo fundi mmoja wa matrekta kule Nachingwea alimwachia mradi wa karanga ulipokufa. Lilinuka dizeli hata baada ya kufuliwa na kuanikwa mara nyingi. Akalivaa, akabeba kamba, shoka na mwenge wa magome, akaondoka na binamu yake ambaye kazi yake ilikuwa kushika kamba chini na kupokea debe. Akaniaga kwa kunitazama tu. Tulikuwa na desturi yetu hiyo: siku za kurina hatukuagana kwa maneno, asije akanipa la kujibu.

Mimi nami nilikuwa na dawa yangu. Siku hizo nilitafuna muhogo mbichi tangu asubuhi, kipande juu ya kipande, ili mdomo uwe na shughuli. Nikakaa uani. Wifi yangu, dada wa mume wangu, akaja kunitania, maana utani ulikuwa haki yake na siku kama hiyo aliionea raha zaidi.

"Wifi, leo umevaa uzuri. Unamngoja nani?"

Nikatafuna.

"Au ni ule uji wako wa jana ndio umekuziba koo? Maana mimi ulinifunga tumbo."

Nikatafuna. Nyongo ilinipanda, nikaimeza pamoja na muhogo. Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini akichambua kunde, anatuona wote wawili, anajizuia kutabasamu.

Halafu akaja mbuzi. Alikuwa beberu wa mjomba, mwenye ndevu na kiburi, anayetembea kijiji kizima bila kamba kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia mwenyewe. Nilikuwa nimeanika ufuta wangu kwenye jamvi, ufuta nilioulima kwa mikono yangu. Akaingia katikati yake akaanza kula. Siku nyingine yoyote kijiji kingenisikia mpaka kisimani. Siku ile nilisimama nikampungia kanga polepole, kama ninayemkaribisha mgeni, nikampungia tena, akanitazama huku anatafuna, na mimi natafuna, tukatazamana hivyo. Wifi alicheka hadi akalala chini. Sikusema neno. Wallahi, sikusema.

Wakamleta mume wangu kabla ya adhuhuri. Binamu alimbeba mgongoni njia nzima. Uso ulikuwa umevimba, macho hayaonekani, midomo imekuwa kitu kimoja, na mguu wa kushoto ulining'inia vibaya. Nyuki walimvamia akiwa juu, kwa wingi ambao binamu alisema hajawahi kuuona. Akaachia kamba, akaanguka. Niliangusha muhogo niliokuwa nao mkononi na sauti niliyoizuia tangu asubuhi ikatoka yote mara moja, kwa kulia.

Alikuja mganga wa mifupa, akauvuta mguu na kuufunga kwa vipande vya mwanzi. Mama mkwe na mimi tulimtoa miiba ya nyuki kwa ukucha, mmoja mmoja, tukampaka majani yaliyopondwa. Alipona taratibu, namshukuru Mungu. Lakini kabla uso haujarudi kuwa uso, mjomba aliita kikao.

Tulikaa uani kwa mama mkwe, asubuhi, watu wa ukoo na majirani wa karibu. Mume wangu alikuwa amelala ndani, hawezi kusema kwa ile midomo, na hata angeweza neno lake lisingehesabiwa, kwa kuwa katika shauri la namna hii mume hutegemewa kumtetea mkewe. Mjomba hakuzunguka.

"Nyuki hawamgeukii mtu bure," alisema. "Kijana huyu amerina tangu anaota ndevu, hajapata kuanguka. Nyumbani kulikuwa na ugomvi, na kila aliyeko hapa anajua ugomvi wa nyumba hii unakaa wapi. Binti huyu arudi Nambilanje akapumzike kwao."

Kupumzika. Wote tulijua maana yake. Mwanamke akirudishwa kwao kwa sababu ya nyuki hapati kurudi tena, kwani ni mrina gani atakayepanda mti huku mke wa aina hiyo yuko nyumbani? Mume angeambiwa achague mizinga au mimi, na mizinga ndiyo iliyokuwa inatulisha. Nilimwona amelala ndani na uso ule uliovimba, nikafikiri kwamba atakapofumbua macho atakuta nimeshaondoka.

Nikaomba ruhusa nikachukue kitabu. Mjomba akakunja uso, lakini watu walitaka kuona, wakasema alete.

Nikasimama nikasoma kwa sauti ile niliyofundishwa shuleni. Nikasoma pale kilipoeleza mavazi: kwamba nyuki huchukizwa na rangi nyeusi na nguo ya sufu yenye manyoya, kwa maana adui zao wa porini ni wanyama weusi wenye manyoya, na kwamba huchukizwa pia na harufu kali, kama mafuta ya mitambo. Nikawaambia, koti lile ni jeusi, ni la sufu, na linanuka dizeli. Yote matatu. Binamu akasema kweli, nyuki walianzia kwenye koti.

"Koti," mjomba alisema. "Mtu avunjike mguu kwa koti." Watu wakacheka, naye akangoja wamalize. Alikuwa mtu mwenye akili, lazima nimpe haki yake. "Haya. Na hicho kitabu chako kinasemaje juu ya ugomvi? Au hakikugusa?"

Mjomba hakujua kusoma. Wifi hakujua. Katika ua ule mzima aliyejua kusoma nilikuwa mimi tu. Nilikuwa na neno moja dogo la kusema, hakikugusa, na lingenitosha. Nikamtazama mama mkwe, ambaye ukurasa ule aliujua kama mimi, tena yeye ndiye aliyekuwa akiniagiza niurudie. Alikuwa anaangalia mikono yake. Hakunipa ishara yoyote.

Lakini baba hakunisomesha ili nisome nusu. Nikafunua, nikasoma yote: wazee wa nchi za mbali nao, nyuki hawapendi nyumba yenye ugomvi, hawastawi kwa watu wanaogombana. Niliimaliza sentensi mpaka kwenye nukta yake.

Mjomba alijipiga goti. "Hata Wazungu," alisema. "Mnasikia? Hata Wazungu wanajua."

Nikasema, "Lakini mimi sikugombana, mjomba. Mama aliniona."

"Hakufungua mdomo," mama mkwe alisema.

"Mdomo si neno," mjomba akamjibu. "Nyuki wako mbali porini, watausikiaje mdomo? Wao husikia moyo." Akanigeukia. "Niambie kweli. Siku ile, moyoni mwako, hukukasirika?"

Ningefanyaje? Kila mtu alikuwa ananitazama.

"Nilikasirika," nikasema. "Beberu wako alikuwa anakula ufuta wangu."

Wifi akakohoa. Jirani mmoja akainamisha uso. Mjomba hata hakutikisika. Alifungua viganja vyake viwili, kuwaonyesha watu kwamba neno limeisha, mwenyewe amekiri. Akasema binamu atanisindikiza Nambilanje kesho yake. Nikashika nguzo ya baraza.

Ndipo mama mkwe akasimama. Magoti yake yalikuwa mabovu, kwa hiyo ilichukua muda, na watu wakamsubiri.

"Kaka," alisema kwa sauti yake ile ya chini, "umesema husikia moyo?"

"Ndiyo."

"Basi ni mimi. Siku ile tangu alfajiri niligombana na marehemu mume wangu. Moyoni. Nilimwona mwanangu anaondoka na kamba ya baba yake, nikamsema marehemu kwa kuniacha peke yangu na mizinga yake. Nilimsema maneno mabaya, ya mke na mume. Huyu binti alikasirikia mbuzi. Mimi nilimtukana maiti. Kati yetu nyuki walimsikia nani?"

Akajifunga kanga vizuri kiunoni.

"Kama ni kurudishwa, nirudishe mimi," akaendelea. "Lakini nitarudi kwa nani? Mimi kwetu ni hapa. Wewe ndiye kwetu."

Mjomba hakuwa mtu mbaya, nasema hivyo sasa, ingawa siku ile ningeweza kumla mzima mzima. Mwisho akaegemea nyuma. Alisema kama ndivyo, hukumu ya mtu aliye kwao inajulikana: aliyegombana hupeleka unga penye mti wa mzinga, akaombe radhi kwa nyuki. Kikao kikavunjika. Watu walitoka, na wifi alipopita karibu yangu alinifinya mkono kwa nguvu, akasema uji wangu haukuwa mbaya kiasi kile.

Niliingia ndani nikakaa chini karibu na kitanda cha mume wangu. Alikuwa amesikia yote. Alinyoosha mkono akanishika kichwa, maana uso alikuwa haoni uko wapi, na akakiacha mkono wake hapo.

Mguu ulipona kwa kuchechemea. Alirina tena, miaka mingi, akivaa shati jeupe lililochakaa hata kwenye baridi. Koti alilichukua mjomba. Alilivaa mpaka likatoboka viwiko, akasema koti zuri halitupwi kwa porojo za kitabu, ila tuliokuwa tukimtazama tuliona kwamba akipita njia yenye mizinga hulivua na kulikunja chini ya kwapa. Na beberu alianza kufungwa kamba. Sikusema kitu juu ya hayo mawili, na nataka nihesabiwe thawabu kwa hilo.

Lakini nilikuwa nataka kueleza juu ya ule unga. Mti ulikuwa mbali kwa mtu wa magoti mabovu. Tuliondoka asubuhi, mimi na yeye tu, akanishika bega njia nzima, tukipumzika kila penye gogo. Unga wa mtama ulikuwa kwenye kikapu kidogo nilichokibeba mimi. Nilimwomba anisamehe kwa kumtembeza hivyo. Akasema mzinga ule ulikuwa wa mumewe, na amekuwa akitaka kuuona mti wake tangu afariki, sasa amepata sababu.

Tulipofika alipiga magoti kwa tabu penye shina. Juu yetu nyuki walikuwa wanaingia na kutoka mzingani, wametulia. Nilirudi nyuma kidogo, kwa adabu, nikidhani anataka kuzungumza na marehemu. Akamimina unga chini taratibu kwa ncha za vidole, ukawa kilima kidogo cheupe. Kisha akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu niingie katika nyumba ile nilisikia sauti yake ikitoka kubwa.

"Nimekuja kuomba radhi," aliwaambia. "Si ya ugomvi. Mimi na mume wangu hatujapata kugombana, akiwa hai wala akiwa maiti, nanyi mnajua. Naomba radhi ya uongo. Nimewasingizia ninyi, na nimemsingizia yeye, mbele ya kaka yangu. Nilifanya hivyo kwa sababu walitaka kuniondolea mtoto wangu huyu, na mimi bado nina kazi naye."

Nilisogea nikampa mkono, akaushika, nikamwinua.